Bastola ya Shangazi Inga

Miles City, Montana
9 Aprili 1979

Mpendwa binamu yangu Solveig,

Pokea salamu kutoka huku kwetu, ambako theluji imegoma kuondoka ingawa ndama wameshaanza kuzaliwa. Kifua chako kinaendeleaje na unyevu wa huko Seattle? Na Per, goti lake limepata nafuu? Sisi miili yetu ni mizima. Nafsi yangu ndiyo haijatulia, na nisipokuandikia wewe nitapasuka.

Unaikumbuka bastola ya marehemu Nils, mume wa Shangazi Inga, ile iliyokaa kwenye droo ya jikoni pamoja na kamba na mishumaa? Mwanawe, Dwight, ameamua kuiuza. Anataka kumhamishia mama yake kwenye nyumba ya wazee kule Billings, na huko hawapokei mtu bure. Shangazi mwenyewe hakuulizwa. Kazi yake ilikuwa kuleta kahawa tu.

"Arlen, wewe ndiye fundi wa bunduki katika ukoo huu," Dwight akaniambia. "Nataka kujua kama kweli ni ya wapanda farasi wa jeshi, au baba aliingizwa mjini."

Niliipokea kwa mashaka, maana bastola za aina hiyo zinaghushiwa kila kona. Nikakaa nayo dirishani pale pale jikoni, na lenzi yangu mkononi. Namba za fremu, za kikingio cha kifyatulio na za mpini zililingana. Vichwa vya skrubu havikuwa vimekwaruzwa na mtu. Muhuri wa mkaguzi wa jeshi ulikuwa umefifia kwenye mbao za mpini jinsi unavyofifishwa na viganja, si na msasa. Chuma kilikuwa cha kahawia, rangi ambayo hakuna mjanja anayeweza kuipaka. Kila nilipoichokonoa ilinijibu sawasawa. Solveig, ilikuwa ya kweli!

Nikawaonya wasiiguse.

"Hata vumbi?" Shangazi akauliza.

"Hata vumbi, Shangazi. Ukiisugua, hakuna atakayeamini tena."

Akaitikia kwa kichwa, akaniongezea kahawa.

Nikampigia simu Bwana Pruett, mnunuzi wa Denver, nikaisifia kama mtu anayemwoza binti yake. Akaendesha gari siku nzima kuja. Dwight akafungua droo, na kilichotoka humo kilikuwa kinameta kama kijiko cha harusi. Imesuguliwa kwa waya wa masufuria na siki! Namba zimebaki vivuli. Mbao zimepigwa msasa hadi zikawa nyeupe, na muhuri umekwenda na maji.

Bwana Pruett hata hakuketi, akanigeukia mimi. "Bwana Tveit, ama hujui kazi yako, ama ulidhani mimi sijui yangu." Akavaa kofia, akaondoka. Sasa nasikia anawaambia wenzake kwamba mimi sijui la kale wala la jana. Nimeifanya kazi hii tangu nilipoacha shule, Solveig!

Dwight akamgeukia mama yake. Shangazi akasema alitaka mgeni aione ikiwa safi. "Unaona?" Dwight akaniambia, mama yake akiwa amesimama pale pale. "Akili imeshamtoka. Ndiyo maana nasema hawezi kukaa peke yake."

Alipotoka kwenda kuwasha gari, Shangazi akanisogezea sahani ya lefse, zile chapati zetu za viazi. Vidole vyake vilikuwa bado vyeusi.

"Ulieleza vizuri siku ile, mwanangu," akasema. "Nilisikia kila neno."

Nilitamani kupiga meza. Kitu kilichodumu miaka mia, kikapona vita na mafuriko, kimeuawa kwenye sinki! Na ningefanya nini? Nikikaa kimya, Dwight anampeleka Billings kama mtu aliyechanganyikiwa. Nikisema akili zake ni timamu kuliko zetu, nitakuwa nimemchongea.

Nikatoka nje, nikamwambia Dwight kwamba ni mimi niliyemwelekeza mama yake aisafishe, nikidhani itapata bei nzuri zaidi. Akaniita punda, na mengine ambayo siwezi kukuandikia. Tangu hapo hatusemezani. Lakini habari za kuchanganyikiwa kwa mama yake hazitaji tena, wala za Billings.

Usidhani nimepoa. Jana nilipita kumpasulia kuni, nikamkuta anaimba huku anakanda unga, nikashindwa hata kumwitikia salamu ipasavyo. Amebaki na nyumba yake, mimi nimepoteza jina, na bastola haitarudi ilivyokuwa. Haya yabaki kwako. Dwight akikuandikia kunilaumu, mwache anilaumu.

Nisalimie Per, Karin na mapacha wake, na umbusu mama yako kwa niaba yangu. Mungu awafunike kwa mkono wake, na akupe kifua chepesi.

Ni mimi nduguyo nikupendaye, ingawa leo nina hasira na dunia nzima,

Arlen