Saa Moja kwa Ndege

Suji, Same
7 Novemba, 1985

Kaka Eliufoo,

Shikamoo. Ni matumaini yangu u mzima huko Dar es Salaam, pamoja na shemeji Rosemary na watoto. Huku tunaendelea, ila mama goti linamsumbua. Madukani Same sabuni imerudi, na vitenge vya kila rangi, lakini mahindi bado ni ya kutafuta kwa tochi.

Kaka, huku kumeharibika. Ile nyundo ya babu zetu wahunzi, iliyokuwa darini kwa mama, imeibwa. Ilitoweka Sabato moja mwezi uliopita, watu wakiwa kanisani. Mama alilia kama aliyefiwa. Ukoo ukaitwa, na baba mkubwa Majaliwa akasema chungu kitavunjwa. Unakijua chungu cha kwetu: likitajwa jina kikavunjwa, mwenye jina hamalizi mwaka. Ndiyo maana hakivunjwi mpaka jina lipatikane. Mzee wa kanisa alikuwepo, akatazama chini tu.

Waliojua nyundo ilipofichwa ni watatu: mama, wewe na mimi. Wewe, baba mkubwa alikutoa mapema kwenye tuhuma. Alisema barua yako kwa mama inaonyesha Ijumaa ile ulikuwa kazini, na Jumapili ulikuwa kazini. Toka Dar mpaka Same basi ni siku nzima, dizeli ikikosekana ni siku mbili, na bado mlima haujapandwa. Mtu si tai, akasema. Basi macho yote yakahamia kwangu.

Hapo nikawakumbusha kwamba kuna ndege. Nikaeleza ulivyojigamba kwenye msiba wa shangazi, kwamba Dar mpaka uwanja wa Kilimanjaro ni saa moja tu, hata soda hujaimaliza. Baba mkubwa akahesabu maharage ya saa za toka Ijumaa jioni hadi Jumapili asubuhi, akayapanga chini, punje moja saa moja: moja ya ndege, tatu za gari hadi Same, mbili za kupanda huku, na za kurudi vilevile. Punje nyingi zikambakia mkononi. Lo! Mama akajifunika kanga usoni.

Chungu ni Jumapili hii, na jina ni lako. Mila inataka litajwe na aliyenyonya ziwa moja na wewe, kwa hiyo nitalitaja mimi.

Kaka, nyundo niliichukua mimi. Nilitoka kanisani watu wakiimba, nikasingizia tumbo. Nilimpa mnunuzi wa vitu vya kale aliyekuwa amefikia Same, akanipa magunia mawili ya mahindi. Wanangu walikuwa na siku ya tatu hawajala. Wakinitazama mimi barazani nilijiuliza, nikifa nani atawalisha? Nikajidanganya kwamba kwako ni mbali, laana haifiki. Niliogopa, na mpaka sasa naogopa.

Jana niliteremka Same hadi posta. Telegramu ya maneno matano ingekufikia jana ileile, nawe ungepanda ndege ukaja kujitetea mwenyewe. Nilisimama kwenye foleni. Zamu yangu ilipofika nikanunua stempu. Barua toka huku, kaka, ni siku kumi.

Mama hajui kama nimekuandikia, kwa hiyo salamu zake sina. Nisalimie shemeji, na watoto uwabusu kila mmoja. Wanangu wanakuamkia baba yao mkubwa. Wameshiba.

Mdogo wako wa tumbo moja,
Asheri