Nyuzi Ambazo Panya Hawakuzila

Kuka, babu yangu mpendwa,

Shuleni tumefundishwa kwamba barua njema huanza kwa kumuuliza unayemwandikia hali yake. Nimekaa na kalamu mkononi nikitafuta namna ya kukuuliza wewe, nikaona afadhali niruke hapo. Sisi hatujambo. Kukhu, mkeo, ni mzima isipokuwa goti. Anasema nikuambie kwamba ng'ombe wako mwekundu amezaa ndama jike, na kwamba mkamuaji mpya aliyewekwa na Bwana mwenye shamba mahali pako ana mikono baridi, ng'ombe wote wanamchukia. Sijui kama ni kweli au ni mapenzi yanayosema.

Lakini ninayetaka kukuandikia ni mimi, na jambo lenyewe ni litungu lako, kile kinubi chako cha nyuzi saba.

Unakumbuka uliponiita kitandani, sauti ikiwa imekukauka, ukasema, "Nekesa, hiyo kitu ni yako"? Mimi nakumbuka. Kukhu anakumbuka. Kwa bahati mbaya Mzee Barasa hakuwepo, alikuwa amekwenda kukutafutia maziwa ya mgando, na kwa rafiki yako Barasa jambo ambalo hakulisikia kwa masikio yake halijasemwa. Matanga yalipokwisha, tukanyolewa nywele, wazee wakaketi kugawa vitu vyako. Barasa akasimama, tayari amevaa koti lako la mvua.

"Shemeji," akamwambia Kukhu, "litungu nitabeba mimi."

"Utabeba upeleke wapi, na jembe letu hujarudisha?"

Nikainua mkono kama darasani. Wazee wakacheka. Nikasema uliniachia mimi.

"Mtoto wa kike!" Barasa akashangaa. "Litungu linapigwa na mtu amenyoosha miguu. Wewe utanyoosha miguu wapi? Kanisani?"

"Atanyoosha hapa," Kukhu akasema. "Nyumba ni yangu, na sakafu ni yangu."

Wazee wakanong'onezana, kisha wakaamua hivi: tungoje likizo ya mvua. Siku hiyo nitalipiga mbele yao kama ulivyolipiga wewe, kwa kano za mgongo wa ng'ombe, siyo waya kama vijana wa siku hizi. Barasa, aliyeketi ubavuni pako tangu mlipokuja huku Sisibo kutafuta kazi kwa Makaburu, atasikiliza. Akiisikia sauti yako, litungu ni langu. Asipoisikia, ni lake. Barasa alikubali upesi mno, kama mtu ambaye ameshapigilia ukutani msumari wa kulitundikia.

Unajua, Kuka, shida yangu ilivyokuwa. Mimi napenda waya. Nilikuambia ukiwa hai, siku ile nilipotoka kumsikia yule kijana wa Munyaka mwenye gitaa, na ulinijibu jibu ambalo bado linaniwasha: "Waya ni ya kufungia ng'ombe wa Kaburu wasitoroke. Wimbo hautoroki. Wa nini kuufunga na waya?" Na Barasa pembeni akaitikia "Amina!" kana kwamba ulikuwa mimbarini. Kano zina sauti kama mtu anayesema amefunika mdomo na blanketi. Sikukuambia hivyo. Nilikuwa na adabu. Sasa nimekuambia.

Tulipoligeuza litungu, maana tangu ulipofariki lilitundikwa likiutazama ukuta kama wazee walivyoagiza, tulikuta panya wamekula nyuzi. Kati ya saba walikuwa wamebakiza mbili tu, zile nene nyeusi za chini ambazo ulikuwa unazipiga kwa kidole gumba, nazo zilikuwa nzima kabisa. Barasa alizitazama kwa mbali, mikono nyuma, kwa sababu ulimkataza kuligusa litungu lako na bado anakuogopa.

"Mnaona?" akawaambia wazee. "Hizo mbili ni za fahali. Sauti ya fahali, mimi huijua nikiwa usingizini. Hata panya wanaiheshimu."

Nikarudi shule na kazi ya kutafuta nyuzi tano.

Mwalimu mkuu wetu, yule mama Mwingereza, ana chombo cha kale cha kwao ofisini. Kina tumbo kama boga lililopasuliwa, na shingo iliyokunjwa kwenda nyuma kama ya kuku aliyekwisha kuchinjwa. Nilimwuliza kinapigwaje. Alifurahi sana, akanieleza kwamba hapo zamani nyuzi zake zilikuwa za utumbo wa kondoo. Utumbo, Kuka! Nilifarijika kusikia kwamba hata kwao mambo ya muziki yalianzia buchani. Nikamwuliza mbona hazipo. Akasema zilikatika melini wakati anakuja, na kwamba zinazouzwa siku hizi si sahihi, kwa hiyo anangoja zilizo sahihi. Anangoja tangu kabla sijaanza shule. "Afadhali kimya kuliko uongo," akaniambia, akakipangusa vumbi kwa upole sana. Nilisema ndiyo, madamu. Lakini nilipofika mlangoni niligeuka kukitazama pale ukutani, nikakihurumia.

Likizo ilipofika, Barasa mwenyewe aliniletea kano kutoka buchani. Nadhani alitaka nishindwe, lakini nishindwe kwa njia iliyo sawa. Alinifundisha kama unavyojua: kuzikausha kivulini, kuzipasua nyembamba, kuzilainisha kwa mate na meno, kisha kuzisokota juu ya paja. Nilitafuna mpaka taya likaniuma na sikuweza kula ugali. Kukhu alisema ndiyo mara ya kwanza ameona msichana aliyesoma akicheua. Nikazianika kati ya miti miwili ya mwati, zimenyooka vizuri, nikaingia ndani kunywa maji. Niliporudi, Simba alikuwa amelala chini ya mti, anajilamba. Huyo mbwa wako, Kuka, alikula wimbo mzima.

"Huyo ni mpenzi wa mambo ya kale," Kukhu akasema, na akaenda kuchota maji huku mabega yakimtikisika.

Nikaanza upya. Za pili nilizificha ndani ya mkebe wa chai, nikazifunga kwenye litungu pamoja na zile mbili zako, na kwa jioni moja lilikuwa tamu. Kesho yake mvua ikaanza. Wewe unaijua mvua ya huku inavyoingia hata ndani ya unga. Nyuzi tano zikalegea zikawa kama kamba za kuanikia nguo. Nikazikaza. Zikalegea. Nikalisogeza litungu karibu na moto, zikakazika hata moja ikakatika na kunichapa shavu, ikabidi nisokote nyingine. Lakini zile mbili za fahali hazikulegea wala kukazika. Mvua ilinyesha, jua likatoka, zenyewe zilibaki vilevile kama wazee wa kanisa.

Hapo ndipo nilipoanza kufikiri. Panya wamezikataa. Maji hayaziwezi. Nikachukua kitambaa, nikakichovya kwenye mafuta ya taa, nikausugua ule uzi mnene zaidi. Kitambaa kikatoka cheusi kwa masizi na mafuta ya ng'ombe. Na chini ya masizi, Kuka, uzi ukang'aa.

Waya. Waya wa breki ya baiskeli.

Nilicheka na kulia kwa pamoja, jambo ambalo huchafua pua sana. Baiskeli yako! Ile uliyopewa na Bwana mwanawe alipokua ikawa haimtoshi. Tangu nipate akili ilikuwa haina breki. Ulikuwa ukishuka mteremko wa kwenda mtoni ukipiga kelele "Pisheni! Pisheni!" na kiatu kikiburura chini, na kila Krismasi soli moja tu ndiyo ilihitaji kushonwa. Ulimlaumu fundi. Ulimlaumu shetani. Ulisimamishwa na ua wa mchungaji mara nyingi kuliko na kitu kingine chochote. Na breki ilikuwa ukutani muda wote, ikiimba.

Kukhu aliingia akaona kitambaa. Hakushtuka.

"Kumbe umefika," akasema, akaketi kupumzisha goti. Akanieleza kwamba ilikuwa mwaka wa mvua mbaya, kano zikikatika kila uchao, na wewe ulikuwa umeombwa kupiga kwenye harusi ya binti ya Barasa. Ukafungua breki, ukapaka masizi ili watu wasiseme. Halafu kwenye harusi Barasa akasimama, akazisifu nyuzi hizo mbele ya wageni wote, akasema hiyo ndiyo sauti ya kale ambayo vijana wameipoteza. "Babu yako angesema nini?" Kukhu akaniuliza. "Amwaibishe baba wa bibi harusi? Akanyamaza. Na mtu akinyamaza mwaka wa kwanza, wa pili ni rahisi."

"Na wewe hukusema?"

"Mume wangu alikuwa na siri moja tu maishani. Nilimwachia."

Kisha akaonyesha mekoni kwa kidevu. "Masizi yako pale, ukitaka."

Nilikaa nayatazama. Nikiupaka uzi tena, Barasa atafumba macho kama kawaida yake, ataisikia sauti yako, na litungu litakuwa langu. Nikiuacha uonekane, wazee walishasema hawataki waya. Nikizitoa hizo mbili na kuweka kano, nitakuwa nimefuata walivyosema, na haitakuwa sauti yako hata kidogo. Nilimfikiria mwalimu mkuu na chombo chake bubu. Nilikufikiria wewe na kiatu chako. Mwishowe nilinawa mikono, masizi nikayaacha mekoni. Nilitaka kupewa litungu, Kuka. Sikutaka kuliiba.

Siku yenyewe mvua ilinyesha tangu asubuhi. Wazee waliingia wakinuka sufu iliyolowa. Kukhu alinifunika leso miguuni ili nisiwe na la kujibu juu ya kunyoosha. Barasa akaketi mahali pake pale pale, ubavuni, akafumba macho kabla sijaanza. Nilipiga wimbo wako wa ng'ombe mwekundu, ule unaotaja jina lake na la mama yake na la bibi yake. Kano zikalegea katikati. Nikasimama, nikazikaza, Barasa akaguna kwa raha, "Ndivyo, ndivyo, hata yeye alikuwa anasimama hapo." Kisha kidole gumba changu kikashuka kwenye zile mbili.

Barasa akainamisha kichwa karibu na litungu. Machozi yakamtoka chini ya kope zilizofumbwa. "Huyo ni yeye," akasema taratibu. "Jamani. Huyo ni yeye."

Halafu akafumbua macho.

"Hii inang'aa ni nini?"

"Breki, Mzee," nikasema. Sauti yangu ilikuwa ndogo sana.

"Breki ya nani?"

"Ya Kuka."

Akamgeukia Kukhu. "Tangu lini?"

"Tangu harusi ya binti yako."

"Na mimi nikasimama mbele ya watu…"

"Ulisimama."

Nilidhani ataondoka. Alishika kichwa kwa mikono miwili, na koti lako likaanza kutikisika, nami nikaogopa kwamba analia tena. Alikuwa anacheka. "Huyu mtu!" akasema. "Huyu mtu! Na mimi nilimpeleka kwa fundi mara ngapi! Nilimgombanisha na fundi!" Wazee wengine nao wakashindwa kujizuia, hata yule asiyecheka.

Mzee mmoja akamwuliza, "Barasa, tulisema waya hatutaki. Lakini umemsikia au hukumsikia?"

Barasa akapangusa uso. Kuka, angeweza kusema hapana. Msumari wake ulikuwa unangoja.

"Nimemsikia," akasema. "Ni lake." Kisha akaninyooshea kidole, mkali kama zamani. "Lakini zikikatika, ziwe za baiskeli ile ile! Sitaki waya wa duka. Tutaharibu desturi ya huyu mtu."

Basi sasa desturi ni breki. Anakuja kila Jumapili baada ya ibada, anakagua.

Siku hiyo niliwaomba ruhusa niongeze wimbo mmoja. Niliupiga nitakavyo mimi, haraka zaidi, nikiegemea waya peke yake kwa sababu kano zilikuwa zimelala kwa unyevu. Ulikuwa wimbo wako, lakini ulitoka mlango mwingine. Barasa akakunja uso, akasema, "Hiyo sasa si yeye."

"Si yeye," Kukhu akasema. "Ni Nekesa. Nyamaza usikie."

Naye akanyamaza, Kuka, mpaka mwisho.

Nakuambia mapema ili usilisikie kutoka kwa Barasa siku atakapokuja huko: kano hizi tano zikikatika, nitatia waya zote. Muhula ujao nitaomba ruhusa nilipeleke litungu shuleni. Pengine watanikatalia, lakini nimeshaandaa namna ya kuuliza.

Na hii ni ahadi yangu. Nyimbo zako nitazijua kwanza kama ulivyozipiga wewe, zote, hata ile ndefu ya ukoo inayonilaza usingizi. Baada ya hapo nitazipiga kama sikio langu linavyotaka. Na mtu yeyote akiniuliza anachosikia ni cha nani, nitamwambia ukweli: huu ni wa babu yangu, na huu sasa ni wangu.

Pumzika, Kuka. Kesho nitaanza na ule mrefu.

Mjukuu wako,
Nekesa