Jina la Yule Karani

Dada yangu Vumilia,

Pokea salamu, wewe na wote mnaoota moto pamoja jikoni. Mgongo wako umepoa? Maharagwe yameshika vizuri, au mvua imeyaozesha tena? Mama anakula? Mimi mwili ni mzima. Huku Québec theluji imefika magotini, nami nimejifunza kutembea kama bata ili nisianguke. Ungeniona ungecheka hadi ukae chini.

Barua hii nimeiandika kwa mkono, nikaipiga picha na kumtumia Papa Kasereka, maana hapo Kashebere simu yake ndiyo inayofungua picha. Kama ameisoma dukani kwake kabla ya kukuita, basi, na ajue. Nimechoka kuficha.

Unajua kwamba tangu nifike nasafisha vyumba vya hoteli. Mwezi uliopita mama mmoja anayesaidia wageni kutafuta kazi, tunamwita Madame Louise, aliniambia kuna hospitali inayotafuta mtu wa kupokea wagonjwa waliotoka nchi nyingine. Akanikalisha tutengeneze CV. Akauliza kama huko kwetu niliwahi kufanya kazi na watu wa lugha na mila tofauti. Nilitaka kucheka. Kwetu kusema lugha nne si kazi, ni kwenda sokoni. Yeye akasema huo ni utajiri, niuandike, lakini nisiandike tu kwamba ninazijua hizo lugha. Alitaka mfano, siku moja niliyowaelewanisha watu walioshindwa kuelewana.

Mfano ninaoujua ni mmoja tu, na wewe unaujua kuliko mimi.

Unakumbuka watu walipokimbia kutoka upande wa Masisi, nami nikawekwa kuwa karani wa kuandika familia za kupewa msaada, kwa sababu nilikuwa na diploma na mwandiko mzuri. Nilikuwa na meza, kalamu mbili, na kiburi cha kujaza ofisi ambayo hata haikuwepo. Akaja yule mama mwenye mtoto mgongoni, aliyekuwa akiishi kwa baba mkwe wake. Nikamwuliza, kwa Kinyarwanda changu cha kuokoteza, jina la mkubwa wa nyumba. Akanyamaza. Nikarudia, akatazama chini. Ndipo nikapaza sauti mbele ya watu wote: "Mama, muntu hawezi kosa jina ya mukubwa wa nyumba yake! Unatudanganya. Toka mu mustari!"

Alirudi kesho yake, nikamfukuza tena. Mtoto alikuwa anakohoa. Nilikisikia vizuri kile kikohozi, dada. Nilikisikia, na nikaita mwingine.

Siku ya tatu wewe ukaacha gunia lako la maharagwe ukaja mezani. Hukunigombeza. Uliinama ukaninong'oneza: "Noella, huyu mama hadanganye. Kwabo muke hatajake jina ya baba-mukwe wake. Njo heshima." Mila hiyo ya mke kutotaja jina la mkwe uliijua kwa kuuza sokoni Kitshanga miaka yote ile, bega kwa bega na akina mama wa kwao, wakati mimi nilikuwa shuleni. Kisha ukageukia mstari, ukauliza nani ni jirani yake, na mama mmoja wa nyuma akalitaja lile jina. Jambo la dakika moja. Nikaandika. Yule mama sikumwomba msamaha, na wewe sikukushukuru. Nilikasirika kwamba muuza maharagwe amenifundisha kazi.

Basi sasa ujue. Kwenye CV yangu, mimi ni wewe. Niliandika kwamba mimi ndiye niliyesimama kati ya yule mama na karani. Na pale wanapotaka jina la mtu wa kunishuhudia, niliweka lako, nikasema ulikuwa mkubwa wangu wa kazi, na namba nikaweka ya duka la Papa Kasereka. Hapo angalau sikukosea sana. Mkubwa wangu ni wewe.

Siku ya kuhojiwa walikuwa watatu. Nilisimulia vizuri, vizuri kupita kiasi, hata bwana mmoja akavua miwani akajifuta macho. Akauliza, "Na yule karani, ulimwambia nini?" Nikajibu, "Alikuwa msichana asiyejua. Nilimsamehe."

Nilimsamehe! Mdomo huu huu unaokula ugali ulisema hivyo. Nilitoka pale nikiona haya hata mbele ya mlango, kwa vile ulinifungukia wenyewe bila kuniuliza mimi ni nani.

Wamenipenda. Wanasema siku ya kwanza niwasimulie wenzangu wote wa mapokezi kisa hicho, wajifunze. Limebaki jambo moja tu, kukupigia simu. Watapiga Alhamisi asubuhi, saa za huko, wakiwa na mkalimani wa Kiswahili.

Kwanza nilitaka uwaambie kama nilivyoandika. Nilirekodi ujumbe wa sauti mara tano nikikupanga: sema hivi, usiseme vile. Mara ya tano nikausikiliza. Dada, ilikuwa sauti ile ile ya mezani. Nikaufuta.

Kazi naitaka, sitakudanganya. Mikono imepasuka kwa dawa za kusafishia, na pale hotelini hakuna anayeniita kwa jina, wananiita kwa namba ya ghorofa. Wakinikataa, narudi kwenye ndoo. Lakini siwezi kusimama mbele ya watu nikafundisha heshima kwa kisa nilichokuibia. Na kuna neno jingine linaloninyima raha. Yule mama nilimtesa siku tatu kwa ajili ya jina, na jina lake mwenyewe sikumwuliza hata mara moja. Ukimwona sokoni, muulize kwa niaba yangu, kisha unitumie.

Mshike Mama mikono yote miwili, umwambie sweta aliyonifumia naivaa ndani ya makoti mawili. Shemeji yangu, mume wako, namsalimu pamoja na ng'ombe wake anayempenda kuliko sisi. Shangazi anayeongoza sala asichoke kunitaja. Papa Kasereka nampa aksanti kwa simu yake, na kwa macho yake kama ameyatumia.

Alhamisi uwahi dukani. Waambie yote kama yalivyokuwa. Nakufahamu, moyo wako ni laini: wakikuuliza yule karani alikuwa nani, utatazama chini unyamaze, kama alivyonyamaza yule mama. Tafadhali, dada, mimi usiniheshimu hivyo. Litaje jina langu.

Mdogo wako,
Noella