Aljebra Miezi ya Kuamia Ndege

Kasmiri, nilisikia kicheko kabla sijaingia ofisini. Mwalimu mkuu alikuwa anasoma mpango wangu wa aljebra wa mwaka mzima.

Ameihamisha yote, ndugu yangu. Yote. Ameiweka miezi ile watoto wa Namawala wanapohamia mashambani kuamia ndege wasile mpunga.

Nikamwambia, "Watabaki watoto wa makarani tu. Hawa wengine watafeli mtihani."

Akasema, kwa jina la utani alilonipa, "Mshairi, mwamia ndege anataka aljebra ya nini?"

Mwamia ndege. Na wali wao mkuu anaula kila siku.

Klementina wa darasa langu alikuwa anafagia barazani, amesikia yote. Nikamwambia kwa sauti, mkuu naye asikie: "Nenda shambani na wenzako. Kila Jumamosi nitakuja na ubao hukohuko."