Shanga Zangu na Somo la Kromosomu

Ijumaa, mwisho wa Oktoba. Joto limekaa juu ya mji na mvua haiji. Mawingu yamejikusanya upande wa bara, yakatutazama, yakaenda zake. Nami tangu alasiri niko hivyo hivyo: natoka nje, naingia ndani, nashika simu, naiweka, naishika tena.

Sina raha.

Kwa asiyenijua, mimi ni mwalimu wa biolojia hapa Mocímboa da Praia, kaskazini mwa Msumbiji. Tangu turudi mjini baada ya vita vitabu havitoshi, na wanafunzi wengine wametawanyika na wazazi wao. Basi nafundisha kwa video fupifupi. Napiga kwa simu, mikono yangu tu ndiyo inayoonekana, naitia kwenye grupo la darasa la kumi na mbili. Osmosi niliwafundisha kwa chumvi na vipande vya papa, na nyumba ikanuka papa mpaka jirani akauliza kulikoni.

Jumatatu ilikuwa zamu ya meiosi, pale kromosomu iliyotoka kwa mama na ile iliyotoka kwa baba zinapolala pamoja, zikakatika, zikabadilishana vipande. Ndiyo maana ndugu wa tumbo moja hawafanani. Darasani nilichora ubaoni kwa chaki ya rangi, wakanikodolea macho tu. Nikaondoka nimekasirika, zaidi na mimi mwenyewe.

Nyumbani nikatafuta kitu cha rangi mbili. Uzi sina, waya sina, dukani nimechoka kwenda. Nikavua shanga zangu za kiunoni. Ushanga mmoja mwekundu, mmoja mweupe. Nikazilaza juu ya karatasi, nikachukua kiwembe, nikazikata mbele ya simu, kipande cha huku nikakihamishia kule. Punje kadhaa zilidondoka zikatawanyika sakafuni. Sikujali, nikaendelea kusema.

Ilikuwa video nzuri kuliko zote nilizowahi kupiga. Nalisema bila haya.

Wa kwanza kujibu alikuwa Zuhura. Huyu alikuwa kwangu darasani mpaka mama yake alipohamia kwa dada yake, huko kijiji cha Quitunda. Sasa masomo yangu anayapata kwenye simu tu, na mtihani atakuja kuufanyia hapa. Anataka uuguzi. Alinitumia sauti, nyuma kuku wanalia, akasema, "Profesora, leo nimeelewa. Nimeelewa kabisa." Nikaisikiliza mara mbili. Nikalala nimeridhika mno.

Haikunipitia kichwani hata kidogo.

Huku kwetu shanga za kiunoni ni za mwenye nazo na mumewe. Kaka yako hazioni. Zikianikwa, zinaanikwa chini ya kanga. Hayo nimefundwa tangu nilipovunja ungo, nayajua kama ninavyojua jina langu. Halafu nikazitia kwenye simu za wavulana wa darasa zima. Kichwani mwangu zilishakuwa kromosomu. Tangu nilipozilaza kwenye karatasi sikuziona tena kuwa shanga.

Wavulana waliziona.

Walianza kwa vichekesho. Mmoja akauliza meiosi ya profesora inafanya mlio gani akitembea. Nikamfokea, nikadhani nimemaliza. Kufika Jumatano video iko sokoni, kwa akina mama wauza samaki, na wasichana wakaanza kutoka kwenye grupo. Mmoja. Mwingine. Simu inanijulisha tu kwamba fulani ametoka, haina hata huruma ya kunyamaza. Jana akatoka Zuhura. Baadaye mama yake akanitumia sauti ya upole kuliko nilivyostahili: simu ameichukua, binti hataendelea, shule ya kuonyeshana viuno wamesamehe. Hata mtihani basi.

Hilo lilinikata maini. Hao wengine ninaweza kuwafuata majumbani mwao. Quitunda siwezi kufika kwa wiki hizi zilizobaki, na bila simu huyu mtoto hana mwalimu wa biolojia.

Nimeifuta video. Imenisaidia nini? Imeshakaa kwenye simu za watu nisiowajua.

Leo baada ya sala ya Ijumaa nikajikaza nikaenda kwa Bi Sauda. Huyo ndiye kungwi wangu. Ndiye aliyenifunda, na ndiye aliyewafunda nusu ya hao akina mama waliokasirika, mama Zuhura akiwemo. Njiani nilipanga maneno yangu vizuri. 

Alikuwa amekaa barazani anachambua mchele. Nikamwamkia, akaitikia, akaendelea na mchele. Akanisubirisha mpaka ungo ukaisha. Mimi mtu mzima, mwalimu, nimekaa mkekani miguu imekufa ganzi, natamani anitukane yaishe.

Hakunitukana. Aliuliza tu, "Mbona umezikata?"

 Nilijiandaa kwa habari za wavulana, za haya, za sokoni. Nikaanza kumweleza habari za yai, kwamba mama hampi mtoto vitu vyake kama alivyovipokea kwa wazazi wake, kwamba ndani ya tumbo vinakatwa, vinachanganywa kwanza. Akanisikiliza kwa makini. Nilipomaliza akaniambia kwamba jirani alipomletea ile simu, kabla hajaona kitu kingine aliliona fundo. Fundo lake, alilolifunga yeye. Akadhani nilishazipoteza kwenye mbio, mwaka ule tulioukimbia mji.

"Nikafurahi, mwanangu. Nikasema kumbe zipo. Halafu nikaona kiwembe."

Nikainama.

"Ile nyeupe nilikutungia mimi," akasema. "Nyekundu ni ya mama yako. Aliivua kiunoni kwake siku tuliyokutoa ndani. Hakukwambia?"

Hakuniambia. Mama yangu hakuwa mtu wa kusema. Tulipokimbia, nyumba iliungua na kila kilichokuwemo, na yeye akafia Pemba, kusini ya hapa, tukiwa kwa watu, hata picha yake sina. Miaka yote hii nimekuwa nikisema sikuokoa kitu cha mama. Kumbe nilikuwa nacho mwilini, nalala nacho, naoga nacho. Nimekuja kukikata kwa kiwembe nikiwafundisha watoto wa watu urithi.

Nililia pale barazani, sikujizuia. Bi Sauda hakunibembeleza. Alisubiri nimalize, akaniletea maji, ndipo akatoa hukumu zake. Video nyingine nipige kwa mahindi na kunde, na shanga nisizirudie. Nimeafiki. Jumapili wasichana wa hapa mjini waje ukumbini kwake, mimi nije na shanga zangu nizitunge upya mbele yao, na hilo somo langu nilimalize huko, wanawake peke yetu. Nimeafiki pia. Nikamuuliza, na yule wa Quitunda? Atatungiwa na nani?

Akanyoosha mkono. "Lete simu."

Nikambonyezea sauti ya kwenda kwa mama Zuhura, nikamshikia. Akasema karibu na kioo, kama anayemwita mtu ng'ambo ya ua, "Asha. Mimi Sauda. Mwalimu amekosea, nimeshamwambia. Mtoto arudishiwe simu yake asome." Akanisukumia simu, akachukua ungo wake.

Nimerudi nyumbani na hapo ndipo nilipoanza kutoka na kuingia. Rede ya simu inakuja, inakata. Ujumbe wa Bi Sauda umekaa na alama moja tangu alasiri, haujamfikia. Nimefagia ua uliokwisha fagiwa. Nimechemsha chai nikaisahau. Nimejiuliza kama mama mtu akikataa hata kungwi wake, mimi nitabaki na lipi la kusema. Sina.

Magharibi rede ikarudi. Simu ikalia kidogo.

Zuhura amerudi kwenye grupo.

Hakusalimu, hakuandika lolote kule. Amenitumia ujumbe peke yangu, swali, nalinakili kama lilivyo: "Profesora, vipande vikishabadilishana, ule ushanga wa mama mzima unarudi tena?"

Mtoto wa watu anauliza meiosi. Hajui kingine.

Jibu nalijua, nimelifundisha miaka. Nimemwandikia: "Hapana, haurudi kama ulivyokuwa. Lakini hakuna kipande kilichopotea, vyote vimo, vimebadili mahali tu." Nikalisoma. Kwa mtihani ni jibu sahihi, angepata alama zote. Lakini kidole kimegoma kutuma. Nimezihesabu punje zangu kwenye sahani, nyeupe kwa nyekundu, na nyekundu zimepunguka. Nilifagia Jumanne bila kuangalia chini.

Taka za Jumanne bado zimo kwenye shimo nyuma ya nyumba, sijazichoma kwa kuogopa upepo.

Zuhura subiri kidogo, mwanangu. Naenda kuwasha taa nikachambue. Nikizipata zote, nitakutumia jibu.