Mwaka Mpya wa Studioni

Sofia, 6 Desemba

Dada yangu mpendwa Radostina,

Pokea salamu kutoka nyumbani. Natumaini wewe na shemeji hamjambo, na kile kikohozi kimekwisha. Mimi mzima. Baba ndiye sababu ya barua hii. Ule usahaulifu wake wa kiangazi umezidi.

Jana mchana tulirekodi burudani itakayorushwa mkesha wa mwaka mpya. Unayajua mambo yetu: theluji ya pamba, chai kwenye glasi za mvinyo, lakini pai halisi ya banitsa yenye vikaratasi vya bahati, maana mwongozaji Bogomil anasema kamera humgundua anayetafuna kwa uongo. Mimi nilikaa nyuma ya pazia kumkumbusha Baba maneno yake.

Bendi ilipomaliza, Baba aliingia akiigiza tarishi aliyepoteza kofia. Katikati ya mchezo akanyamaza. Akawatazama watu, akauliza, "Jamani, ninyi ni wageni wa nani?" Wakaangua kicheko. Nikamnong'oneza mstari wake, akanigeukia kwa adabu, "Subiri, binti, naongea na watu." Wakacheka hadi machozi. Bogomil akawaambia wachekeshaji vijana, "Mnaona? Nyie endeleeni kupiga kelele tu."

Mimi nilimkodolea macho Baba. Nilitaka kujua mtu asiyejua kwamba amechekesha husikia nini katika kicheko hicho. Alionekana ana furaha, Radostina. Bado nalifikiria hilo.

Mwishoni tulihesabu sekunde, kengele ikalia, tukabusiana na kutakiana heri. Wenzetu wakavua mavazi wakaenda zao. Baba alipofika nyumbani alifunga tai safi, akatandika meza, akakaa kuutazama mlango. Nikamuuliza anamngoja nani. "We Kalina nawe! Mwaka mpya dada yako si huja?" Nikamwonyesha kalenda. Akacheka: kalenda inajua nini, naye kengele kaisikia kwa masikio yake?

Sasa nikuambie nilichofanya. Nilimdanganya kwamba treni yako imekwama kwenye theluji. Akaridhika, akaifunika sahani yako. Asubuhi hii ameuliza kama reli imefunguliwa, nimesema bado. Sijui sikukuu yenyewe ikifika atakuwa angali anakungoja, au hata jina lako litakuwa limemtoka.

Nisalimie shemeji, na majirani wa Burgas wanaonikumbuka. Wewe usingoje mwisho wa mwezi. Panda treni sasa, na ukiingia, kabla ya kuvua koti, mtakie Baba heri ya mwaka mpya.

Mdogo wako akupendaye,
Kalina