Macho ya Gari Namba 17

OFISI YA SHERIFU, KAUNTI YA SUTTER, NORTH CAROLINA
MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: Verna Louise Stallcup
Umri: Miaka 56
Kazi: Msimamizi wa zamu, kiwanda cha kuku. Siku za mashindano, mwangalizi wa dereva.
Makazi: Barabara ya Kanisa la Mount Zion, Harlan's Ford
Tarehe: Jumatano, 21 Mei 2025, saa nne asubuhi
Mwandishi: Naibu Sherifu T. R. Kimsey

Mimi ndiye niliyetajwa hapo juu. Nimekuja kwa sababu nimeitwa, sikuja kwa kupenda. Kwetu sisi watu wa magari, mambo ya uwanjani humalizwa uwanjani, na aliyekimbilia kwa Sherifu ni Gaylon Lowder, mwenye timu pinzani, siyo sisi. Naomba hilo liandikwe kwanza.

Dwain Stallcup, mwenye miaka arobaini na minne, ni mdogo wangu, wa tumbo moja. Ni dereva wa mashindano, na hajawahi kufanya kazi nyingine. Baba alimweka kwenye usukani akiwa na miaka kumi na sita, ndani ya gari walilolichomelea wenyewe bandani. Alipofika miaka ishirini na minne, timu kubwa za Charlotte zikamwita. Alikimbia nazo misimu sita, kwenye zile mbio mnazoziona kwenye televisheni. Hakushinda hata moja. Aliwahi kuwa wa nne, na picha yake ikawekwa kwenye maboksi ya nafaka. Kisha mdhamini akataka sura changa zaidi, na Dwain akashushwa, mwaka baada ya mwaka, mpaka akarudi kwenye uwanja wetu wa Coble Hollow alikoanzia. Watu wanasema alirudi kwa unyenyekevu. Waongo hao. Alirudi amekasirika, na hajapoa mpaka leo.

Tangu aliporudi, mimi ndiye mwangalizi wake. Kazi hiyo naieleza kwa sababu afande ananitazama kana kwamba nauza karanga jukwaani. Dereva amefungwa kwenye kiti, na ndani ya helmeti haoni ubavuni wala nyuma. Mimi nasimama juu ya paa la jukwaa na redio, namwonea. Kukiwa na gari ubavuni namwambia liko ndani au liko nje. Njia ikiwa wazi namwambia, "Peupe." Akisikia peupe anageuza usukani bila kutazama, kwa mwendo ambao ukikosea unazika mtu. Sijawahi kumwambia peupe mahali ambapo si peupe. Uliza dereva yeyote wa kaunti hii, hata wale wanaonichukia.

Swali mliloniitia ni moja, kama Dwain alijua kuna mtu mbele ya gari lake au hakujua. Gaylon Lowder anataka muandike kwamba Dwain alitaka kumuua mwanawe. Huo ni uongo, na hapa mbele nitaeleza kwa nini.

Mnamo tarehe 18 Mei, siku ya Jumapili, kulikuwa na mbio zilizoahirishwa Jumamosi kwa sababu ya mvua. Nilifika uwanjani baada ya ibada. Dwain alikuwa ameegemea gari lake namba 17, anakula mkate wa soseji ya kukaanga. Hakuwa na utani siku hiyo. Mwenye timu mmoja wa mbio za pikapu, kutoka Mooresville, alikuwa amekuja kumtazama. Alikuwa na kiti kimoja cha msimu mzima, dereva wake amevunjika bega. Dwain aliniambia, "Dada, hiki ndicho cha mwisho. Nikikikosa hiki, nitauza matairi ya matrekta mpaka nife."

Akapita Tripp Lowder, mwana wa Gaylon, ana miaka ishirini na miwili na gari namba 61 linalong'aa kama jino la dhahabu. Akasema, "Babu, leo usisinzie kwenye kona." Dwain akamjibu, "Baba yako alikununulia gari, akasahau kukununulia mikono." Mafundi wakacheka. Hayo ni maneno ya kawaida kwetu, hakuna anayeyafungulia kesi.

Nyuma ya Tripp alikuwa Odell Frye, anasukuma matairi. Yeye hakucheka. Odell ana miaka sitini na mitatu. Alikuwa mtu wa matairi wa Dwain tangu zama za Charlotte, akashuka naye ngazi kwa ngazi wakati wengine wote walipomkimbia. Alikula mezani kwetu kila sikukuu. Desemba iliyopita akahamia kwa akina Lowder. Alituambia magoti yanauma na kwa Lowder kuna banda lenye joto. Dwain hakumjibu siku ile, na hajamsemesha tangu siku ile. Wakipishana hutazama pembeni.

Mbio zilianza saa tisa alasiri. Sitaeleza mizunguko yote. Dwain aliongoza karibu nusu yake, na aliendesha vizuri kuliko nilivyomwona kwa miaka mingi. Mzunguko wa mwisho alikuwa mbele, Tripp nyuma yake. Kuna jambo kuhusu Dwain ambalo tulilijua watu watatu tu, yeye, mimi na Odell. Matairi ya kulia yakichakaa, anaachia gesi mapema kidogo akiingia kona ya tatu. Gari hapo huwa jepesi nyuma, na ukiligusa mahali hapo hapo, linazunguka.

Tripp aliligusa mahali hapo hapo. Gari la Dwain likazunguka, likapiga ukuta kwa pua. Tripp akapita akashinda. Nasema wazi kwamba huo haukuwa uhalifu. Baba alitufundisha, ukigongwa usilie, mgonge wiki ijayo. Ila kulikuwa na neno moja zaidi, nalo kila mtu wa uwanjani analijua hata kama hajui kusoma. Mtu aliye kwa miguu hagongwi.

Nilimwambia ahamie njia ya pili ya redio. Njia ya kwanza kila mtu anaisikia, mashabiki wanakuja na vipokezi vyao kutusikiliza tukitukana. Ya pili ni yangu na yake. Mafundi wetu walikuwa wamekwisha kuvua vifaa vya masikioni, wamekata tamaa. Kwa hiyo kilichosemwa baada ya hapo tulikisikia wawili tu, na ndiyo maana mmeniita.

Nikamuuliza, "Mwili?"

Akasema, "Mzima."

"Gari?"

"Linatembea. Boneti imesimama usoni, sioni mbele. Nionee, dada."

Kisha akasema, "Ile haikuwa akili ya kitoto cha Lowder. Ile ni ya Odell. Odell kaniuza." Nikamwambia anyamaze, alete gari kwa mafundi. Kikulacho ki nguoni mwako, nilijua, lakini huo haukuwa wakati wa kuongea.

Nilimwonea njia nzima. Nilimwambia apunguze, lori la kuvuta liko kulia. Nilimwambia peupe, akapita. Nilimwambia akate kushoto, ni peupe, akakata. Alifuata kila neno. Tulifika hivyo mpaka kwenye banda la ukaguzi, ambako gari la mshindi hupimwa uzito.

Namba 61 lilikuwa limesimama mlangoni. Tripp alikuwa ameshateremka, yuko mbali, anapiga picha na kombe. Narudia ili Gaylon asikie akisomewa, mwanawe hakuwa karibu na gari. Aliyekuwa hapo ni Odell. Alikuwa amechutama kwenye tairi la mbele, anakwangua mpira ulionata, kama alivyotukwangulia sisi miaka yote ile. Mgongo wake ulikuwa kwetu.

Nilimwambia Dwain maneno haya, nayakumbuka yote: "Sitini na moja liko mbele, limesimama. Odell amechutama kwenye tairi. Si peupe. Simama."

Gari likapunguza mwendo mpaka karibu kusimama. Nikashusha pumzi. Kisha injini ikanguruma, gari likaenda mbele, likambana Odell kwenye bampa la namba 61. Sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia kwa mtu mzima, na mimi nafanya kazi kwenye machinjio.

Nilishuka kwenye paa nikikimbia. Nilipofika, Dwain alikuwa bado ndani. Alikuwa ameshusha wavu wa dirishani, jinsi dereva anavyoshusha baada ya ajali kuonyesha kwamba yu mzima. Ishara hiyo ilinichukiza kuliko damu. Odell alikuwa chini, amemshika mmoja wa vijana wa Lowder kola ya shati, anamwambia, "Msimpige. Hakuniona. Boneti ile." Watu wote wakaitazama boneti, wakaamini.

Jumatatu asubuhi nilikwenda hospitali. Mguu wa kulia wa Odell umekatwa chini ya goti. Nilimkuta macho, anapewa uji wa mahindi na hautaki. Akaniambia, "Verna, watakuita. Sema hakuniona. Mimi nimeshawaambia hivyo."

Nikamuuliza kwa nini.

"Mguu hauoti tena hata nikiufungulia kesi. Yeye bado kuna kiti kinamsubiri."

Nikamwambia, "Wewe mzee mjinga."

"Hilo unalijua tangu zamani," akasema. Kisha akageukia ukutani. Kabla sijatoka akaniuliza bila kunitazama, "Ulimwambia ni mimi?" Nilitoka bila kumjibu. Huyo ndiye mtu pekee aliyestahili jibu kwenye jambo hili lote, nami jibu hilo nimemletea Sherifu badala yake.

Jumatatu jioni Dwain alikuja jikoni kwangu. Alikuwa amenyoa ndevu. Yule bwana wa Mooresville alikuwa amepiga simu. Kiti bado kipo, ila hawezi kumpa mtu mwenye kesi. Likiandikwa kwamba ni ajali, wanatia saini Ijumaa. Nilimkatia mkate na jibini ya pilipili, kwa mazoea tu. Akala chote. Kisha akasema, "Dada, waambie uliniambia peupe."

Nikadhani sikusikia vizuri. Nikamwambia arudie.

"Sema ulikosea. Mtu hukosea. Kulikuwa na moshi, ulikuwa mbali. Wewe hawatakufanya kitu, wewe si dereva."

"Na mimi nitakuwa nani baada ya hapo?"

"Utakuwa dada yangu," akasema. "Mama angekwambia hivyo hivyo."

Nikamwambia amtoe mama mdomoni mwake. Akasimama, akaosha sahani yake, jambo ambalo hajalifanya tangu azaliwe. Mlangoni akasema atakuja kunichukua Jumatano, tuje hapa pamoja. Hakuuliza kama nimekubali. Alijua, au alidhani anajua.

Afande, umegonga kalamu mezani mara kadhaa na umeniuliza alinijibu nini nilipomwambia asimame. Nilikuwa nakuja huko, sikukimbii. Miaka kumi huyu mtu ameyaweka maisha yake kwenye neno langu moja. Alipita katikati ya moshi na vyuma kwa sababu mimi nilisema pako wazi. Damu ni nzito, nakubali, nami nampenda kuliko anavyostahili, na leo ninamchukia kuliko nilivyojua naweza. Najua nikisema, Gaylon Lowder atacheka mpaka ajikojolee. Acheke. Lakini neno hilo ni langu, sikuazima kwa mtu, na Dwain hawezi kulichukua akaufunika nalo mguu wa Odell.

Sikumwambia peupe. Nilimwambia Odell amechutama, simama. Gari likawa karibu kusimama. Dwain akaniuliza, kwa sauti ya chini, "Odell mwenyewe?"

Nikasema, "Ndiyo, Odell. Simama hapo hapo."

Akasema, "Basi yuko mahali pake." Na injini ikanguruma.

Hayo ndiyo yote yaliyosemwa kwenye njia ya pili. Nimeyasema nikiwa na akili zangu, sikutishwa wala sikubembelezwa. Nimesomewa na nimeyakuta ni yangu. Afande aliniuliza kama ningependa liandikwe neno "labda" kwenye sehemu ya mwisho. Nimekataa.

Nina jambo moja la kuongeza. Dwain yuko nje, upande wa mashariki wa maegesho, kwenye pikapu ya kijani. Ananisubiri anirudishe nyumbani. Injini inaunguruma, huwa haizimi. Mkienda kumchukua, mwendeeni kutoka ubavuni, upande wa dereva, ili awaone. Asipite mtu yeyote mbele ya gari.

(Sahihi) Verna L. Stallcup

Maelezo ya afisa: Shahidi amesaini mbele yangu saa tano na dakika kumi asubuhi. Mtuhumiwa amekamatwa kwenye maegesho, bila vurugu. Maafisa walimwendea kutoka ubavuni kama walivyoelekezwa. Alipoulizwa kama ana la kusema, aliuliza tu kama dada yake ameshamaliza. Shahidi alikataa kurudishwa nyumbani kwa gari la polisi. Aliomba aelekezwe njia ya miguu kwenda hospitali.

T. R. Kimsey, Naibu Sherifu